GIMP 3 kwa kuunganisha michoro iliyoskaniwa: tathmini kutoka Kisumu

Mchoraji anayetumia karatasi na wino, kisha akataka vipande vyake vikae pamoja kwenye ukurasa wa kitabu, bango au fulana, sasa anaweza kuimaliza kazi hiyo ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, bila kulipa hata shilingi. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, liliondoa kero kubwa kuliko zote: ukisafisha mchoro kwa kichujio, kichujio hicho hubaki kimeshikizwa kwenye leya (tabaka moja la picha juu ya jingine) na unaweza kukirekebisha kesho au mwezi ujao. Katika 2.10, iliyokuwepo tangu 2018, marekebisho yaliingia moja kwa moja kwenye pikseli. Ukishafunga faili, karatasi uliyoing'arisha kupita kiasi imebaki hivyo, na rangi hafifu za anga zimekwenda nayo.

Tathmini hii inahusu kazi hiyo moja tu ya kuunganisha michoro ya skana kwa leya. Mfano tunaoutumia ni picha ya A3 ya ufuo wa Dunga: mitumbwi na wavuvi kwa wino mweusi kwenye karatasi laini, ziwa na anga kwa rangi za maji kwenye karatasi nzito, na chini yake umbile la karatasi ya magugu-maji, ile inayotengenezwa kwa mikono hapa Kisumu. Karatasi tatu, na kila moja ina tabia yake mbele ya skana.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kioo cha skana kabla GIMP haijafunguliwa. Skana ndogo nyembamba kama CanoScan LiDE 300 inapata umeme wake kupitia waya wa USB peke yake, kwa hiyo laptop yenye chaji inaiendesha hata stima ikipotea. Hiyo ni sifa kubwa huku kwetu. Lakini kihisi chake, cha aina ya CIS, huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Karatasi ya rangi za maji iliyojikunja kwa unyevu ikiinuka milimita mbili tu, sehemu hiyo hutoka na ukungu na kivuli cha kijivu, na hakuna leya itakayoirudishia makali. Skana zenye kihisi cha aina ya CCD, kama Epson Perfection V600, huvumilia mwinuko huo vizuri zaidi, ila ni nzito, ghali, na zinataka soketi ya ukutani. Mwenye CIS anyooshe karatasi kwanza: lowesha mgongo wake kidogo sana kwa sponji, ilaze kati ya karatasi mbili safi, uigandamize kwa vitabu vizito usiku kucha. Pangusa kioo kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi kila baada ya karatasi chache. Vumbi la kioo hujitokeza mahali palepale kwenye kila skani, na ukipanga leya nne juu ya nyingine unapata madoa manne.

Ukubwa wa skani hutegemea kitu chenyewe. Rangi za maji zitakazochapwa kwa ukubwa uleule zinatosha kwa nukta 300 kwa inchi. Mistari ya wino ichukue 600, kwa sababu ukingo wa mstari mweusi ndio jicho la msomaji linaushika kwanza. Zaidi ya hapo unajaza diski bure. Kwenye programu ya skana zima kila kitu kinachojiita cha kiotomatiki: kunoa makali, kusahihisha mwanga, kuondoa rangi ya karatasi. Mambo hayo GIMP inayafanya vizuri zaidi, na inakuonyesha inachokifanya.

Saiba nyingi za mjini zina mashine kubwa ya kutoa kopi yenye kioo cha A3, na ni rahisi kutamani kuskani kila kitu hapo. Itumie kwa wino tu. Mara nyingi mashine hizo zimepangwa kutoa PDF iliyobanwa kwa JPEG, na mbano huo unaacha vimiraba vya pikseli 8 kwa 8 kuzunguka kila mstari, vinavyoonekana wazi mara tu ukiongeza tofauti ya nyeupe na nyeusi. Tena huwa zimewekwa kufuta mandhari ya karatasi, kwa hiyo samawati nyepesi ya anga inahesabiwa kuwa uchafu na kuondolewa. Mwombe mhudumu aweke TIFF (aina ya faili inayotunza ubora wa picha), rangi kamili, nukta 600, na azime ufutaji wa mandhari. Kama mashine haina TIFF, rudi kwenye skana ya A4 na uskani vipande viwili.

Vipande viwili hivyo ndipo GIMP inapoanza kuonyesha uwezo wake. A3 kwenye kioo cha A4 ni nusu mbili, na unahitaji zipishane kwa sentimita 3 au 4 katikati. Hapa kosa la kawaida ni kuizungusha karatasi nyuzi 180 ili nusu ya pili iingie kwa urahisi. Taa ya skana humulika kutoka upande mmoja. Ukiigeuza karatasi, vivuli vya chembechembe zake vinageuka pia, na nusu mbili za anga moja zinaonekana kama karatasi mbili tofauti hata rangi zikilingana kabisa. Isogeze bila kuizungusha. Kama kifuniko cha skana kinazuia, kifungue na uweke kitabu kipana juu ya mchoro.

Fungua nusu ya kwanza kama kawaida, kisha lete ya pili kwa Open as Layers, yaani Ctrl+Alt+O. Hakikisha zote zina nukta sawa kwa inchi. GIMP hupanga leya kwa pikseli na faili nzima ina kipimo kimoja, kwa hiyo skani ya 600 ikiingia kwenye faili ya 300 mtumbwi unakuwa mara mbili ya urefu wake. Wengi hudhani programu imeharibika. Panua turubai kwa Fit Canvas to Layers kila leya inapozidi ukingo.

Leya ya juu ipe hali ya kuchanganya inayoitwa Difference. Hali hii hutoa rangi ya leya moja kutoka kwa nyingine, kwa hiyo mahali pikseli zinapolingana panakuwa peusi. Sogeza leya kwa vitufe vya mishale, pikseli moja moja, hadi sehemu ya mpishano izame kwenye giza. Ikibaki mistari miwili inayopanuka kuelekea upande mmoja, karatasi ilikaa mshazari kwenye kioo. Chukua Unified Transform, Shift+T, uzungushe na kusogeza kwa pamoja, kisha ukubali mara moja tu. Kila mzunguko unaoukubali hukokotoa pikseli upya na kulainisha mstari kidogo. Mizunguko mitano ya nusu nyuzi huacha wino umefifia kuliko mzunguko mmoja wa nyuzi mbili na nusu. Kwenye chaguo la ukokotoaji weka NoHalo, inayotunza ukingo vizuri pale leya inapozungushwa bila kupunguzwa sana.

Irudishe leya kwenye Normal, ongeza maski nyeupe (nyeupe yake huonyesha leya, nyeusi huificha), na upake nyeusi kwa brashi laini kando ya mshono. Usipitishe mshono wima katikati ya anga kwa sababu tu ndiko unakopita kwa urahisi. Ufuatishe kwenye vitu: ukingo wa tanga, mstari wa upeo, mgongo wa mtumbwi. Jicho halitafuti tofauti ndogo ya rangi mahali ambapo tayari kuna mstari. Ukikosea, badilisha brashi iwe nyeupe na sehemu iliyofichwa inarudi. Kifutio hakikupi nafasi hiyo, na hakina kazi yoyote katika shughuli hii.

Sasa usafishaji. Fungua Levels, zana ya kupanga weusi (0) na weupe (255), kwenye leya ya wino: sogeza pembetatu ya kulia hadi pale mlima wa karatasi unapoanza kwenye grafu, mara nyingi kati ya 225 na 240, na ya kushoto hadi wino uwe mweusi wa kweli. Ile ya katikati iache kwenye 1. Katika GIMP 3 marekebisho haya yanakaa chini ya alama ya fx kando ya jina la leya, na unaweza kuyazima, kuyafungua tena au kuyapanga upya. Tofauti yake inaonekana pale leya tatu zinapokaa pamoja, kwa sababu weupe wa karatasi uliokutosha wakati wino ulikuwa peke yake hautoshi tena ukishaulaza juu ya ziwa.

Hesabu yake ni hii. Hali ya Multiply huzidisha leya ya juu na ya chini. Nyeupe kamili, 255, haibadilishi kitu. Karatasi iliyobaki kwenye 240 hushusha kila rangi ya chini yake hadi takriban asilimia 94. Panga karatasi tatu za namna hiyo na rangi ya chini imeshuka hadi kama asilimia 83. Machungwa ya machweo yanageuka kahawia, na mchoraji anaanza kulaumu skrini. Kabla ya kuongeza ukolezo wa rangi (Saturation), gusa sehemu tupu za kila leya kwa Color Picker. Kama hazisomi 255, tatizo liko hapo.

Kwa wachoraji wanaopanga kwa penseli ya samawati kisha wakapiga wino juu, usifute penseli kwa mkono. Skani kwa rangi, kisha tumia Mono Mixer, inayotoa picha ya kijivu kutoka kwenye chaneli tatu za rangi: nyekundu 0, kijani 0, samawati 1. Samawati hafifu hung'aa karibu sawa na karatasi kwenye chaneli ya samawati, na wino unabaki mweusi. Ukichagua chaneli nyekundu kwa bahati mbaya, penseli ndiyo inayojitokeza kwa nguvu.

Multiply inatosha kama mistari itabaki myeusi. Ikitakiwa ibadilike rangi, mathalani wavuvi wa mbali wawe na mistari ya kahawia ili warudi nyuma, unahitaji karatasi iondoke kabisa. Wengi hukimbilia Fuzzy Select, zana ya kuchagua rangi zinazofanana, wanagusa nyeupe na kubonyeza Delete. Matokeo yake ni ukingo wenye meno na utepe mweupe kuzunguka kila mstari, kwa sababu pikseli za pembeni ni za kijivu, na zana hiyo inalazimika kuamua kila moja iondoke au ibaki. Color to Alpha, inayogeuza rangi moja kuwa uwazi, haiamui hivyo. Ukiipa nyeupe, pikseli ya kijivu cha nusu inakuwa nyeusi yenye uwazi wa nusu, na mstari unakaa juu ya rangi yoyote bila utepe. Hii ndiyo zana bora kuliko zote za GIMP kwa michoro ya skana, na tungeipendekeza programu nzima kwa sababu yake tu.

Kuna mtego mmoja mpya wa toleo la 3. Color to Alpha nayo sasa hubaki kama kichujio. Ukifunga uwazi wa leya na kupaka kahawia, unapaka chini ya kichujio, kwenye karatasi ambayo kiuhalisia bado ipo, na kahawia inaenea kila mahali. Kabla ya kupaka, fungua orodha ya fx na uunganishe vichujio na leya, au weka alama kwenye Merge Filter wakati wa kukitumia. Weka nakala ya leya ya awali imefichwa chini. Haikugharimu kitu ila nafasi ya diski.

Karatasi ya magugu-maji ina nyuzi nene na rangi ya hudhurungi isiyo sawa. Ukiiweka juu kwa Multiply kama ilivyo, picha nzima inakuwa nzito. Iondolee rangi, kisha pitisha High Pass: kichujio hiki hubakisha nyuzi na kusawazisha madoa makubwa kuwa kijivu cha katikati. Ipe leya hali ya Overlay, ambayo kijivu cha katikati hakibadilishi chochote chini yake, kisha shusha Opacity (uzito wa kuonekana kwa leya) hadi kati ya asilimia 25 na 40. Nyuzi zinabaki, mwanga wa ziwa haupotei. Skani karatasi hii kwa 300 tu. Kwa 600 unaanza kuona manyoya ya nyuzi, na yanashindana na wino.

Kinachoturudisha nyuma zaidi ni kumbukumbu ya kompyuta. A4 kwa 600 ni pikseli 4960 kwa 7016, karibu milioni 35. Kwa biti 8, kila leya yenye uwazi inakula takriban megabaiti 139, na maski yake inaongeza kama 35. A3 ni mara mbili ya hapo. Leya nane za A3 zinapita gigabaiti 2 kabla hujahesabu historia ya kutendua, na vichujio vinavyobaki hai hukokotolewa upya kila unapogusa kitu chini yao. Laptop ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 itafungua faili hiyo, kisha itakusubirisha kwa kila mguso wa brashi. Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini tunachoweza kukipendekeza kwa A3, na 16 ndiyo raha. Mwenye 4 afanye hivi: asafishe na kuunganisha wino kwa 600 kwenye faili yake peke yake, aupunguze hadi 300, ndipo aulete kwenye faili kuu. Pia ahakikishe Tile cache size (kumbukumbu inayotumiwa na GIMP) chini ya System Resources kwenye Preferences haizidi karibu nusu ya RAM, ili Windows isianze kugombania nafasi na programu.

GIMP haina hifadhi ya kiotomatiki. Inajaribu kuokoa kazi programu inapoanguka yenyewe, lakini umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani hakuna cha kuokolewa. Ctrl+S baada ya kila hatua, kwa XCF, faili ya GIMP yenyewe, na nakala mpya yenye namba kila asubuhi. Mkumbuke pia anayepokea faili: toleo la 2.10 halivitambui vichujio hai vya 3.0. Kama mwenzako wa Nakuru hajasasisha programu, viunganishe na leya kwanza katika nakala ya kumtumia.

Shida nyingine hutokea faili inapokwenda kwa mtu wa Photoshop. GIMP huchanganya uwazi wa kawaida kwa mwanga halisi, si kwa namba za pikseli zilivyo. Nyeusi ya asilimia 50 juu ya nyeupe inasoma karibu 188 hapa, na 128 kule. Vivuli laini chini ya mitumbwi vitaonekana vyepesi kwako na vizito kwake. Bonyeza leya kwa kitufe cha kulia, ingia Blend Space, chagua RGB (perceptual) kwa leya zenye vivuli tangu mwanzo, na pande zote mbili zitaona kitu kimoja.

Tumezilinganisha na GIMP programu mbili nyingine zisizo na ada. Krita ni bora kwa anayepaka rangi ndani ya kompyuta: brashi zake ziko mbele sana, na inafanya kazi moja kwa moja katika CMYK, mfumo wa wino nne wa uchapishaji. Lakini kwa kusafisha skani na kulinganisha nusu mbili, tunarudi GIMP. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na kusoma PSD, faili za Photoshop, vizuri, na faili zako hazipakiwi popote, zinabaki kwenye mashine yako. Kwa A3 yenye leya nyingi kivinjari huchoka mapema. Ni msaada mzuri saibani unapotaka kurekebisha kitu kidogo. Photoshop ina leya za marekebisho zilizokomaa zaidi na uchapishaji wake ni wa uhakika, ila ada yake hailali. Kwa anayeuza michoro michache kwa mwezi, hesabu hiyo haitoki.

Uchapishaji ndio udhaifu halisi wa GIMP 3. Picha inafanyiwa kazi katika RGB, mfumo wa rangi za skrini, mwanzo hadi mwisho. Sasa unaweza kuweka profaili ya CMYK ya kuonyesha jinsi chapa itakavyotoka, na kuhamisha JPEG au TIFF ya CMYK, hatua kubwa ukilinganisha na 2.10. Lakini nyeusi ya wino wako ikigeuzwa inakuwa mchanganyiko wa wino nne. Kwenye mashine ya ofseti, sahani za chapa, moja kwa kila wino, zikikosana hata kidogo, mistari ya wavuvi inapata kivuli cha rangi pembeni. Kwa kitabu cha ofseti, toa faili mbili: rangi peke yake kwa TIFF ya 300, na mistari peke yake kwa kijivu cha 600 au zaidi, kisha mwambie fundi aiweke mistari juu kwenye sahani nyeusi pekee. Mafundi wazoefu wanaielewa kazi hii, nao hufurahi kuletewa faili zilizotenganishwa.

Kwa chapa ya kidijitali, ile inayofanywa madukani mjini kwa nakala kumi au hamsini, wapelekee RGB ya sRGB (aina yake ya kawaida) na uache mashine igeuze. Acha milimita 3 za kukatwa kila upande. A4 inakuwa milimita 216 kwa 303, sawa na pikseli 2551 kwa 3579 kwa nukta 300. Weka ukubwa huo kabla ya kuanza kupanga leya, kwa sababu mtumbwi ulioishia kabisa kwenye ukingo wa skani hauna milimita 3 za ziada, na kuzichora mwishoni inamaanisha kulinganisha tena wino, maji na karatasi katika utepe mwembamba kuzunguka picha yote. Bango la kutundikwa nje linatosha kwa nukta 100. Kwa fulana, ondoa leya ya karatasi ya magugu-maji na uhamishe PNG yenye uwazi, kisha kabla ya kuituma ongeza leya ya rangi kali, ya waridi kwa mfano, chini ya zote. Madoa ya karatasi ambayo Color to Alpha iliyaacha na skrini nyeupe ikayaficha yatajitokeza hapo, na ni nafuu kuyaona wewe kuliko kuyakuta yamechapwa kwenye kitambaa cheusi.